Naishi New Jersey, nafanya kazi New York: kwa nini nimeandikiwa deni la kodi ya mapato?

Neema_JerseyCity ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi au waliokwisha kupita njia hii. Mimi na mume wangu tunaishi Jersey City. Nimeajiriwa na hospitali moja ya Manhattan katika kitengo cha malipo ya bima; siku tatu kwa wiki huvuka mto kwa treni ya PATH, na siku mbili hufanyia kazi nyumbani kwa ruhusa ya msimamizi wangu. Mume wangu anafanya kazi Newark, kwa hiyo yeye havuki mpaka wa jimbo. Ritani ya serikali kuu tunaiwasilisha kwa pamoja.

Mwaka jana tulimpa kazi hiyo mtu anayewajazia watu kodi hapa mtaani. Alituambia kwamba, kwa kuwa New York ilikuwa imeshanikata zaidi ya dola 4,500 kwenye mshahara, New Jersey haitatudai chochote na makato yote ya mume wangu yatarudishwa. Yalirudishwa kweli. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua ya New Jersey ikisema kwamba punguzo tulilodai kwa ajili ya kodi iliyolipwa jimbo jingine limezidi kiasi kinachoruhusiwa, na kwamba tunadaiwa kodi pamoja na riba.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: ikiwa New York imekwisha kuchukua kodi kwenye mshahara wangu wote, New Jersey inadai nini tena? Vilevile fomu yangu ya W-2, yaani taarifa ya mwaka ya mshahara na makato kutoka kwa mwajiri, ina mistari miwili ya majimbo. Mstari wa New York unaonyesha mshahara wa dola 80,000 na wa New Jersey unaonyesha dola 84,000, ingawa mshahara ni mmoja. Je, hilo ni kosa la mwajiri? Wapo pia wafanyakazi wenzangu wanaosema kuwa wao hawajazi ritani ya New Jersey kabisa, kwa sababu wanakofanyia kazi ndiko wanakokatwa.

Mhasibu_Newark amejibu:

Dada Neema, nianze na hao wenzako, kwa maana ushauri wao ndio wenye hatari kubwa kuliko yote. Mkazi wa New Jersey anatozwa kodi na New Jersey kwa mapato yake yote, popote alipoyapata, iwe ni Manhattan au Mombasa. Wanandoa wanaowasilisha kwa pamoja wanatakiwa kujaza ritani ya New Jersey mara mapato yao ya mwaka yanapozidi dola 20,000, na kwa mtu asiye na mwenzi kiwango hicho ni dola 10,000. Kukatwa New York hakumwondolei mtu wajibu huo. Asiyewasilisha ritani huwa hata muda wa kuhesabu ukomo wa ukaguzi haujaanza kwake, na barua inaweza kumfikia baada ya miaka mingi.

New York nayo ina haki yake: inamtoza asiye mkazi kwa mapato aliyoyapata ndani ya mipaka yake, kupitia fomu IT-203. Kwa hiyo dola ile ile ya mshahara wako inaguswa na majimbo mawili, na ili usilipe kodi mara mbili, jimbo unaloishi linakupa punguzo kwa kodi uliyolipa kule unakofanya kazi. Huu si ukarimu mtupu. Mwezi Mei 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi ya familia ya Wynne dhidi ya Maryland kwamba utaratibu wa Maryland wa kuwanyima wakazi wake sehemu ya punguzo la namna hii ulikuwa kinyume cha Katiba. New Jersey hutoa punguzo hilo kwenye jedwali linaloitwa NJ-COJ.

Sasa tuje kwenye barua yako. Punguzo hilo lina mipaka miwili, na aliyewajazia, kwa jinsi unavyoeleza, hakuheshimu hata mmoja. Kwanza, kinachohesabika ni kodi ambayo New York imekutoza baada ya ritani yako kukokotolewa. Makato yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha 17 cha W-2 hayahesabiki hapa. Makato ni amana tu ambayo mwajiri ameiweka kwa niaba yako. Sehemu yake inaweza kurudi kwako. Ukidai punguzo kwa fedha ambazo New York imekurudishia, ni kama kudai risiti ya bidhaa uliyoirudisha dukani. Pili, New Jersey haiwezi kukupa punguzo kubwa kuliko kodi ambayo yenyewe ingekutoza kwa mapato yale yale. Kodi ya mshahara wa mume wako, ambao New York haikuugusa, haiwezi kufutwa na kodi uliyolipa wewe New York.

Nitatumia mfano unaokaribiana na hali yenu kwa viwango vya mwaka wa kodi 2024, nikichukulia kwamba mume wako anapata dola 50,000, hakuna watoto, na nikiacha pembeni nafuu nyingine zote kama ile ya wapangaji. New York hukokotoa kodi kana kwamba mapato yenu yote ya dola 130,000 yamepatikana huko, kisha huchukua sehemu inayolingana na dola 80,000 zako. Hapo inakuja takriban dola 3,700. Watu wengi huhamaki wakiona mshahara wa mume umeandikwa kwenye ritani ya New York, wakidhani umetozwa kodi. Haukutozwa. Umetumika kupandisha kiwango tu, na kwa kuwa ritani yenu ya serikali kuu ni ya pamoja, hamna hiari ya kumwacha nje.

New Jersey kwa upande wake inahesabu mapato ya dola 134,000, na kodi yake inakuwa takriban dola 4,500. Sehemu ya kodi hiyo inayohusu zile dola 80,000 zilizotozwa na majimbo yote mawili ni takriban dola 2,700, na hicho ndicho kikomo cha punguzo lenu. Ile dola 1,000 hivi ambayo New York imewatoza zaidi ya kikomo hicho haidaiwi popote. Ndiyo gharama ya kufanya kazi kwenye jimbo lenye kodi ya juu kwa watu wa kipato chenu. Mnabaki na deni la New Jersey la takriban dola 1,800, ambalo makato ya mume wako yalipaswa kulipunguza. Aliyewajazia alifuta deni lote hilo, mkarudishiwa fedha ambazo hazikuwa zenu, na sasa zinadaiwa.

Neema_JerseyCity amejibu:

Nakushukuru sana, kaka. Sasa naelewa kwa nini barua ilitaja pia nakala ya ritani yetu ya New York, ambayo sikujua inahusika vipi. Umeandika dola 134,000 kwa New Jersey na 130,000 kwa New York. Je, hiyo ndiyo tofauti ile ya W-2? Na zile siku mbili ninazofanyia kazi nyumbani, ambazo ni karibu asilimia 40 ya mwaka wangu wa kazi, kwa nini umezihesabu kama za New York ilhali nakuwa nimeketi mezani kwangu Jersey City?

Mhasibu_Newark amejibu:

Kuhusu W-2, mwajiri wako hakukosea. Nadhani unachangia akiba ya uzeeni ya aina ya 403(b), ambayo ndiyo ya kawaida katika hospitali na vyuo visivyo vya kibiashara. Serikali kuu na New York hazitozi kodi mchango huo mwaka unaoutoa, lakini New Jersey huutoza. Mpango pekee wa akiba ya uzeeni wa mwajiri ambao mchango wake haitozi ni ule wa 401(k). Hata makato ya bima ya afya ambayo serikali kuu huyaacha bila kodi, New Jersey kwa kawaida huyahesabu kama mshahara. Ndiyo maana kisanduku cha 16, kinachoonyesha mshahara kwa kila jimbo, kinatofautiana kati ya majimbo. Usijumlishe mistari hiyo miwili ukadhani umepata dola 164,000, kosa ambalo programu za kompyuta huweza kulifanya pale mtu anapoingiza tarakimu bila kusoma maswali yanayofuata. Vilevile New York humtaka mwajiri aandike kwenye mstari wake mshahara wote ulioripotiwa kwa serikali kuu, hata kama mfanyakazi si mkazi na baadhi ya kazi aliifanya nje.

Siku za nyumbani ndizo zenye ugomvi wa miaka mingi. New York ina kanuni inayosema kwamba asiye mkazi aliyeajiriwa na ofisi ya New York, akifanyia kazi nyumbani kwa urahisi wake mwenyewe na si kwa ulazima wa mwajiri, siku hizo huhesabiwa kuwa za New York. Kanuni hiyo ilipingwa mahakamani na Edward Zelinsky, profesa wa sheria aliyefundisha Manhattan huku akiishi na kufanya sehemu ya kazi yake Connecticut. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua dhidi yake. Ruhusa ya msimamizi wako haitoshi. Ingekuwa kazi yako inahitaji vifaa maalumu visivyopatikana ofisini kwenu, hapo ungekuwa na hoja.

Otieno_Bergen amejibu:

Ninaheshimu maelezo ya Mhasibu, lakini hapo mwisho naona amewatisha watu kupita kiasi. Mimi pia naishi upande huu na mwajiri wangu yuko Manhattan. Kwenye fomu IT-203-B kuna sehemu ya kugawa siku zilizofanyiwa kazi ndani na nje ya New York. Nimeijaza kwa kuzingatia siku nilizokuwa nyumbani, na New York ikanirudishia fedha bila swali lolote. Kama ingekuwa marufuku, fomu isingekuwa na sehemu hiyo.

Mhasibu_Newark amejibu:

Ndugu Otieno, sehemu hiyo ipo kwa ajili ya watu ambao kazi yenyewe huwatoa nje ya New York: fundi anayetumwa kufunga mitambo Connecticut, au mkaguzi anayekwenda kwa wateja Pennsylvania. Siku hizo ni za nje kwa haki kabisa, na ningemshauri kila mwenye nazo aziandike kwenye kalenda na kuhifadhi risiti za safari. Siku ya kukaa nyumbani kwa hiari haiingii humo. Kurudishiwa fedha si uthibitisho kwamba ritani imekubaliwa, kwa kuwa kwa kawaida New York ina miaka mitatu tangu ulipowasilisha ya kuuliza, na kitu cha kwanza wanachoomba ni barua ya mwajiri ikieleza kwa nini ulilazimika kufanyia kazi nyumbani. Huo mtihani ndio unaowashinda wengi.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja. Ulipoondoa siku hizo New York, kodi uliyolipa huko ilipungua, na kwa hiyo punguzo lako la New Jersey nalo lilipaswa kupungua. Kama ulidai punguzo kwa mshahara mzima, una matatizo pande zote mbili. Kama ulilipunguza sawasawa, ulichookoa ni tofauti ya viwango tu, na wewe mwenyewe upime kama inalingana na hatari hiyo.

Nikiri kwamba kwa haki ya kawaida hoja yako ina uzito, na New Jersey yenyewe inaona hivyo. Mwaka 2023 ilitunga sheria ya kujibu mapigo, ambayo inawatoza kwa kanuni ile ile wakazi wa majimbo yenye kanuni kama ya New York wanaofanyia kazi nyumbani kwao kwa waajiri wa New Jersey, na ikaweka motisha ya kodi kwa mkazi wake atakayepinga kanuni ya New York na kushinda. Lakini wakati ugomvi huo ukiendelea, New Jersey imeendelea kutoa punguzo kwa mshahara unaotozwa na New York chini ya kanuni hiyo, hata kwa siku za nyumbani. Ndiyo sababu kwenye mfano wa Dada Neema niliziacha dola 80,000 zote upande wa New York.

Baba_Furaha_Jeffersonville amejibu:

Nawasalimu wote. Nimesoma kwa makini na ningependa wasomaji wa majimbo mengine wasidhani kwamba kila mpaka una taabu hii. Sisi Wakongomani wengi tulifikia Louisville, jimbo la Kentucky, kisha baadhi yetu tukahamia ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Indiana. Mama Furaha anafanya kazi katika ghala huko Louisville, nasi tunaishi Jeffersonville. Indiana na Kentucky zina makubaliano kwamba mshahara wa mkazi wa jimbo moja anayefanya kazi katika jimbo la pili utatozwa kodi na jimbo lake la makazi peke yake. Alimpa mwajiri wake fomu 42A809, mwajiri akaacha kukata kodi ya Kentucky, na sisi tunawasilisha ritani ya Indiana tu. Jirani yetu hakuipeleka fomu hiyo, akakatwa Kentucky mwaka mzima. Alilazimika kujaza fomu 740-NP-R ili arudishiwe, na wakati huo huo Indiana ikawa inamdai kwa kuwa haikukatwa chochote.

Hata hivyo, makubaliano hayo ni ya kodi ya jimbo na hayahusu kodi ya mji. Louisville hukata asilimia 1.45 ya mshahara wa mtu anayefanya kazi mjini bila kuishi humo, na hiyo hairudi kwa sababu ya makazi. Kwenye ritani ya Indiana kuna punguzo linalohusu kodi za miji ya nje, ambalo hupunguza ile kodi ya kaunti yetu. Watu wengi hawalidai kwa kuwa hawajui kwamba lipo.

Nami nina swali kwa Mhasibu. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, nimeajiriwa na kampuni ya Kentucky, na kwa juma moja naweza kupita Tennessee, Georgia, Ohio na Illinois. Je, ninatakiwa kugawa mshahara wangu kwa kila jimbo ninalopita?

Mhasibu_Newark amejibu:

Hapana, Baba Furaha. Kuna sheria ya serikali kuu inayowalinda madereva walioajiriwa na kampuni za usafirishaji baina ya majimbo: dereva ambaye kazi yake ya kawaida ni katika majimbo mawili au zaidi hutozwa kodi ya mapato ya mshahara huo na jimbo analoishi tu. Kwako ni Indiana peke yake. Mwajiri akikukata kodi ya jimbo jingine, mwombe arekebishe mapema, kwa maana kudai marejesho baadaye ni kazi ndefu. Lakini mwenye lori lake anayelipwa kama mkandarasi asijipumzishe juu ya ulinzi huo kabla ya kupata ushauri. Hata makubaliano ya majimbo unayoyasifu huhusu mishahara tu. Anayeendesha teksi ya programu ya simu akivuka mto, au anayesuka nywele kwa kujitegemea katika jimbo la pili, yuko nje yake.

Kwa wengine wanaosoma, makubaliano kama hayo yapo pia baina ya Maryland, Virginia na Washington D.C., baina ya New Jersey na Pennsylvania, na baina ya Minnesota na North Dakota. Wale wa Minnesota wanaofanya kazi Wisconsin wajue kwamba yao yalikoma kuanzia mwaka wa kodi 2010, ingawa hadi leo nasikia watu wakiambiana kwamba bado yapo. Nao wanaoishi Vancouver, jimbo la Washington, wakifanya kazi Portland, wanalipa Oregon bila punguzo lolote nyumbani, kwa sababu jimbo lao halitozi kodi ya mshahara na hivyo hakuna cha kupunguza.

Neema_JerseyCity amejibu:

Kaka, swali langu la mwisho. Tulipe deni hilo kama lilivyo? Na mwaka huu tufanye nini ili hali hii isijirudie?

Mhasibu_Newark amejibu:

Kabla ya kulipa, jazeni upya jedwali la NJ-COJ kwa kutumia kodi iliyokokotolewa kwenye IT-203 yenu, mlinganishe na hesabu iliyo kwenye barua. Idara ya kodi ya New Jersey huweza kukata punguzo lote pale inapokosa nakala ya ritani ya New York, na mkiipeleka nakala hiyo ndani ya muda uliotajwa, deni linaweza kushuka. Kikibaki kiasi cha haki, lipeni mapema kwa kuwa riba inaendelea kuhesabiwa.

Kwa mwaka huu, mume wako ajaze upya fomu NJ-W4 kwa mwajiri wake wa Newark. Ndani yake mna jedwali la wanandoa ambao wote wawili wanafanya kazi, linalomwelekeza herufi ya kuandika ili akatwe kwa kiwango kinachozingatia mapato yenu ya pamoja. Bila hivyo mwajiri humkata kana kwamba dola 50,000 ndizo mapato yote ya nyumba. Mkiona bado deni la New Jersey litazidi dola 400 mwishoni mwa mwaka, lipeni kwa awamu kila robo mwaka kwa fomu NJ-1040-ES. Nawe uangalie kisanduku cha 19 cha W-2 yako. Ikiwa kuna kodi ya Jiji la New York iliyokatwa, mpe mwajiri fomu IT-2104.1, kwa sababu jiji hilo halitozi kodi ya mapato kwa mshahara wa mtu asiyeishi humo, na kilichokatwa kwa makosa unakidai kwenye IT-203.

Na utakapojaza, iwe mwenyewe kwa programu au kwa mtu, hakikisha ritani ya serikali kuu imekamilika kwanza, kisha New York, na New Jersey iwe ya mwisho. Ukianza na New Jersey, hesabu ya punguzo haitakuwa na tarakimu ya kusimamia. Kama mapato yenu hayazidi kikomo chao, vituo vya VITA, mpango wa serikali kuu wa kuwajazia watu ritani bure, hujaza ritani za namna hii, ila ulizeni kabla ya kwenda kama kituo kinapokea ritani za majimbo mawili, na mbebe W-2 zenu zote mbili pamoja na ile barua.